UBABA UGENINI: HABARI ZA DZALEKA NA LILONGWE

Mtu apatapo mtoto hubadilika jina kabla ya kubadilika mwenendo. Jana aliitwa kwa jina lake. Leo majirani humwita Baba Fulani. Mtume Muhammad (s.a.w.) naye alijulikana kwa kuniya ya Abul Qasim, kwa ajili ya mwanawe Qasim aliyefariki angali mdogo. Jina hilo ni heshima, lakini pia ni deni; na habari za nchi ya Malawi zaonyesha jinsi deni hilo lilivyo zito kwa baba aliye ugenini.

Kiswahili na Uislamu si wageni wa jana katika nchi hiyo. Katikati ya karne ya 19 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka pwani, alifanya maskani Nkhotakota, kando ya ziwa, naye na waliomrithi wakaitwa Jumbe. Biashara yao ilikuwa ya pembe na watumwa, nayo iliwatenga baba wengi na watoto wao. Huko desturi ya pwani ilikutana na ya Wachewa, ambao, kama Wayao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Aghalabu mume huhamia kijijini kwa mkewe, na neno kubwa juu ya watoto huwa la mjomba. Sheria ya Kiislamu, kwa upande wake, humnasibisha mtoto na babaye na kumtwika baba chakula na mavazi yake. Baba Mwislamu wa nchi hiyo ilimpasa ajifunze kubeba wajibu wote bila kudai amri yote.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Zama za Dkt. Kamuzu Banda palikuwa na gereza la wafungwa wa siasa. Baba alitolewa kwake, na watoto wakabaki na jina lake tu. Mwaka 1994, utawala huo ulipokwisha, pakafanywa makazi ya wakimbizi. Wakaja watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Mahali palipowatenga baba na watoto wao, sasa watoto wanazaliwa. Makazi yaliyokusudiwa watu wapatao 12,000 leo yana zaidi ya 50,000.

Baba wa Kivu au wa Burundi alizoea kumwonyesha mwanawe shamba la babu. Dzaleka hana shamba la kumwonyesha. Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake juu ya kazi na mwendo wa wakimbizi; hivyo mtoto hula kwa posho, na si kwa jasho la babaye peke yake. Jambo hili humwinamisha mwanamume mbele ya mkewe, na tena mbele ya nafsi yake.

Wengine walikwenda Lilongwe, mji mkuu tangu 1975, wakafungua maduka, na baadhi yao wakaoa wenyeji. Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 1966, mtoto aliyezaliwa na mama Mmalawi ni raia. Basi katika nyumba moja mtoto akawa mwenyeji, na baba akabaki mgeni.

Hata hivyo ubaba haukufa. Siku ya saba akika ichinjwapo, jirani hukaa mahali pa ami na mjomba, na watu waliokuwa mbali kwa kabila huwa ndugu kwa sababu ya kichanga kimoja. Baba asiye na ardhi humpa mwanawe jina, nasaba, lugha na adabu. Hayo hayapimwi kwa hatua wala hayana mpaka. Ni wajibu wa jamaa kuwasaidia baba hawa: nasaba za watoto ziandikwe, chuo kisikose mwalimu, na asiwepo mtoto asiyejua ni mjukuu wa nani.