Mpelelezi Katika Wodi

Ukipita vijiwe vya Soweto hapa Mbeya ukawauliza vijana wanaojifunza kuandika kwamba wanaandika nini, wengi watakujibu bila kufikiri: riwaya ya upelelezi. Omba daftari usome. Ukurasa wa kwanza bastola imeshachomolewa. Ukurasa wa pili magari yanafukuzana katika jiji ambalo mwandishi mwenyewe hajalifikia. Sina ugomvi na bastola, wandugu. Nami nimelelewa na Willy Gamba, nikimsoma chini ya shuka kwa mwanga wa kibatari. Lakini hebu tukae kidogo kijiweni tuulizane: huyu mpelelezi alitoka wapi kabla hajapewa bastola? Maana ukiifuata historia yake kwa makini, haikufikishi kituo cha polisi. Inakufikisha hospitali.

Kilichonitia swali hili ni mchezo wa televisheni. Columbo ni tamthilia ya upelelezi ya Marekani, mhusika wake mkuu akiigizwa na Peter Falk, na kipindi ninachokisema kilionyeshwa kwao Februari 1973. Wakati huo huku Bara televisheni haikuwepo kabisa. Serikali ya Mwalimu iliiona ni anasa ya wachache, na stesheni za kwanza zilikuja kuanza 1994. Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama ishirini, tena kwa picha za rangi. Sisi wa Soweto vipindi vya namna hii tumevila kama viporo, kwanza kwa mikanda ya video kwa jirani mwenye deki, baadaye kwa CD. Na kiporo kikipashwa vizuri, bwana, kina utamu wake.

Mambo yenyewe yanatokea hospitali. Daktari wa upasuaji anayeitwa Mayfield (kaigiza Leonard Nimoy, yule mwenye masikio ya ncha katika Star Trek) anafanya utafiti pamoja na mkubwa wake, mzee Heidemann. Wanatafuta dawa ya kuuzuia mwili usikatae kiungo cha kupandikizwa. Mzee anasema dawa haijaiva, ijaribiwe zaidi. Kijana ana haraka ya jina. Basi mzee anaugua moyo, na anayeshika kisu ni huyo huyo kijana! Pale ambapo vali inapaswa kushonwa kwa uzi wa kudumu, daktari anatumia uzi unaoyeyuka mwilini, akiwa ameupaka rangi ufanane na ule mwingine. Siku chache tu uzi utayeyuka, vali itaachia, mzee atakufa, na cheti kitaandikwa ugonjwa wa moyo. Nani atabisha? Kweli mzee alikuwa na ugonjwa wa moyo.

Nesi mmoja anautilia shaka uzi ule, naye anauawa. Hapo ndipo anaingia Columbo na koti lake lililokunjamana. Kinachomshtua ni kitu kidogo mno. Wakati daktari anapewa kwa simu habari za kifo cha nesi wake, mkono wake unarekebisha saa ya mezani. Mtu aliyepigwa na msiba hakumbuki kama saa imepotea dakika mbili. Basi, ni hilo tu. Kuanzia hapo ni maswali, maswali, maswali, mpaka kipande cha uzi kinapatikana mahali ambapo hakuna aliyefikiria kupekua, yaani kwenye nguo ya Columbo mwenyewe.

Nilipoimaliza nikajiuliza mbona hospitali imemkaa vizuri hivi huyu bwana, kama mtu aliyerudi kwao. Na kumbe ndivyo.

Mwaka 1876 kijana mmoja aitwaye Arthur Conan Doyle alianza kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi. Huko alifundishwa na daktari wa upasuaji, Joseph Bell, akawa karani wake wa kuwapanga wagonjwa wa nje. Bell alikuwa na mchezo wake. Mgonjwa akiingia, kabla hajafungua mdomo, Bell anawaambia wanafunzi huyu ni nani na katoka wapi. Doyle alisimulia kisa cha mtu aliyeingia akiwa na nguo za kiraia. Bell akasema: wewe ulikuwa jeshini, umeachishwa si zamani, ulikuwa na cheo kidogo, na kambi yako ilikuwa Barbados. Jamaa akaitikia yote. Wanafunzi wakabaki midomo wazi. Bell akawafafanulia: mtu huyu ana adabu lakini hakuvua kofia, kwa sababu jeshini hawavui. Angekuwa uraiani muda mrefu angeshazoea kuivua. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuamuru wenzake. Na Barbados? Ugonjwa uliomleta ni matende, na matende hayapatikani Uskochi.

Matende! Ugonjwa ambao watu wa Pwani yetu wanaujua kama wanavyoujua mnazi. Mimi hapo nilicheka peke yangu.

Doyle alipoandika riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes, iliyotoka 1887, alimchukua Bell akamvika jina jingine. Na msomaji anamwona Holmes kwa mara ya kwanza wapi? Katika maabara ya hospitali jijini London, akishangilia kwamba amegundua njia ya kutambua doa la damu. Rafiki yake, Watson, ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa vitani Afghanistan. Sasa ona mwenyewe: mwandishi daktari, mfano wake daktari, msimulizi wake daktari, mlango wa kuingilia hospitali. Polisi wamo, ndiyo, lakini kazi yao kubwa ni kukosea.

Kutoka pale mpaka kwetu njia si ndefu kama mnavyodhani. Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi inahesabiwa kuanza na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa 1918 na kufariki 1991. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, kisha ikatoka kitabu 1960. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni, undugu wao na Holmes na Watson haujifichi. Hayo walimu wa fasihi wanayafundisha. Ambacho sijawahi kusikia kikisisitizwa darasani ni kazi aliyoifanya Abdulla alipotoka shule 1938. Hakuwa askari wala wakili. Alikuwa mkaguzi wa Idara ya Afya, yaani bwana afya, kwa miaka kumi, kabla hajaingia kwenye magazeti 1948.

Bwana afya tunamjua wote. Anabisha hodi, anaomba kuona mtungi wa maji, anachungulia choo, anauliza nani anaumwa, tangu lini, alikula nini, alilala wapi. Hana bunduki. Ana kalamu, ana daftari, na ana haki ya kuuliza. Ukifika kwenye riwaya, mtu kakutwa ameuawa penye mzimu, watu wanaogopa hata kupasogelea, na Bwana Msa anauliza kama yule yule bwana afya: nani alimwona mwisho, njia ipi, saa ngapi. Mwisho wa yote anayeonekana kuua ni mwanadamu mwenye sababu zake, wala siyo mzimu. Kwa watu wa 1960 hilo halikuwa jambo dogo. Kwa watu wa leo nalo siyo dogo, na hapa ndipo naingia kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Maana sisi tulikuwa na hadithi yetu ya uhalifu wa hospitali zamani kabla ya Columbo. Inaitwa mumiani. Neno lenyewe lilikuwa la dawa, kitu cheusi kama utomvu kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uajemi, cha kutibia waliovunjika mifupa. Lakini kamusi ya Kiswahili ya 1939 ilishaeleza kwamba wenyeji wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na kwamba uvumi ukianza mji mzima hujifungia ndani jua likizama. Wakati wa ukoloni uvumi ukaenea Afrika Mashariki nzima. Wanyonya damu wakawa wazimamoto, mara wakawa watu wa hospitali. Bibi zetu wametusimulia. Usichukue lifti ya gari usilolijua, usikubali kuchomwa sindano na mtu usiyemjua.

Siwacheki. Waliotawaliwa walikuwa na kila sababu ya kuhisi kwamba kuna mtu anawanyonya. Ila angalieni umbo la hadithi hiyo. Ina mhalifu, ina maiti, ina hofu, haina mpelelezi. Anayeua ni "wao". Hakuna anayesema: ni huyu, kwa uzi huu, siku hii. Na hadithi isiyo na mpelelezi haikai bure, inatafuta mtu wa kumtwisha.

Mwaka 1996, mimi nikiwa darasa la tatu, alikufa baba mdogo. Alikuwa utingo wa malori, barabara hii hii kuu inayopita kwetu kwenda Tunduma na Zambia. Alirudi amekonda, anakohoa, kiunoni ana mstari wa malengelenge uliozunguka upande mmoja. Wakubwa waliuita mkanda wa jeshi. Alilazwa hospitali wiki tatu. Nesi mmoja alimwita baba pembeni, wakasimama dirishani kwa muda, na baba alirudi hasemi kitu. Tulipozika, jibu la msiba likawa tayari mtaani: karogwa. Aliyemroga? Bibi mmoja jirani, muuza maparachichi, kwa sababu alimpa marehemu ndizi za kuchoma wiki moja kabla hajalala kitandani. Ushahidi ndio huo, ndizi. Mlango wake ulipigwa mawe usiku mbili tatu mfululizo. Siku ya nne nyumba ilikutwa tupu. Tukaambiwa kaenda kwa mwanawe. Hajarudi Soweto mpaka leo, na kwa umri aliokuwa nao sidhani yu hai.

Joseph Bell angehitaji dakika ngapi? Kazi ya barabarani, kukonda, kikohozi, mkanda wa jeshi kwa mtu wa miaka therathini na moja. Nesi aliisoma, bila shaka, na hakuwa na ruhusa ya kuitangaza, na mimi sidai angetangaza. Nchi ilijua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera 1983. Kuanzia 1993 Radio Tanzania ilitangaza mchezo wa Twende na Wakati, ambao mhusika wake mbaya, Mkwaju, ni dereva wa lori anayetapanya wanawake njiani. Mtaani kwetu watu walimsikiliza, wakacheka, wakamtukana. Vijana walikuwa na msemo, "kakanyaga miwaya", na walijua maana yake. Lakini ndani ya nyumba yenye msiba neno halikutamkwa. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulipopima damu za watu, Mbeya na Iringa zilikutwa na zaidi ya watu 13 katika kila watu wazima 100 wenye virusi, wakati nchi nzima ilikuwa 7. Dawa za kurefusha maisha zikaanza kutolewa kwa mpango wa taifa 2004. Hesabu vyeti vya kifo vya miaka kumi kabla ya hapo, hesabu na mabibi waliohamishwa kwa mawe.

Kwa hiyo nikirudi kwenye madaftari yetu ya kijiweni, nalalamika kidogo. Kina Elvis Musiba walimpa mpelelezi bastola kwa sababu nzuri. Kufa na Kupona ilitoka 1974, kusini mwa Afrika kulikuwa na vita vya ukombozi, na adui alikuwa na jeshi kweli. Willy Gamba alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini sisi tumerithi bastola tukaacha daftari la bwana afya. Tunaandika mtu anayekufa ukurasa wa kwanza kwa risasi, ambako hakuna cha kuuliza zaidi ya nani kafyatua, wakati mtaani kwetu watu wanakufa vitandani na swali lao linajibiwa na mganga. Halafu tunasema hatuna visa!

Kuna mshikaji aliniambia hadithi ya hospitali haitauza, watu wanataka fujo. Labda. Columbo hakupiga risasi hata moja katika kipindi kile, na wamekionyesha nusu karne.

Mimi nimeshaanza. Mpelelezi wangu ni bwana afya wa kata, ana baiskeli yenye tairi la nyuma bovu, na maiti ya kwanza ni ya utingo. Sura ya kwanza imeisha: ameshafika msibani, amekaa na wanaume, amekunywa chai, ameshaona mkanda wa jeshi. Ya pili imenikwama mwezi wa pili huu, kwa sababu anatakiwa kumuuliza mjane, na kila nikimpa swali, mjane ananyanyuka anakwenda kuchochea moto.