Utafiti wa kumbukumbu, Nakivale na Mbarara

Kusini-magharibi mwa Uganda kumbukumbu imechunguzwa pande zake mbili: ile inayogoma kumtoka mtu, na ile inayomponyoka. Ya kwanza ilichunguzwa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi wa Rwanda, na ambayo leo yana Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Ya pili ilichunguzwa vijijini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989.

Kazi ya Nakivale iliongozwa na Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Jaribio lililochapishwa 2008 na Frank Neuner na wenzake lilihusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye kiwewe. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi waliopewa mafunzo. Kundi moja lilipata tiba ya masimulizi. Katika tiba hii kamba hulazwa chini iwe mfano wa maisha ya mtu, jiwe likawekwa penye uchungu na ua penye furaha, naye husimulia tangu kuzaliwa. Mshauri huandika na kumsomea simulizi lake hadi tukio baya lipate mahali na tarehe yake, liache kumrudia kana kwamba linatokea sasa. Baadaye asilimia 70 ya waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na ugonjwa huo wa kiwewe. Kwa waliopata ushauri wa kawaida ilikuwa asilimia 65, na kwa waliofuatiliwa tu, 37. Kwamba jirani aliyefunzwa anaweza kutibu hivi ni matokeo makubwa kuliko yanavyosifiwa.

Manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walioishi Nakivale walichangia pia elimu ya jeni. Mwaka 2010 Iris-Tatjana Kolassa na wenzake, wakichunguza manusura 424, walionyesha kwamba hatari ya kiwewe hupanda kadiri aina za matukio mabaya zinavyoongezeka, lakini wenye umbo fulani la jeni ya COMT huwa hatarini hata matukio yakiwa machache. Mwaka 2012 Dominique de Quervain na wenzake walikuta kwamba umbo la jeni ya PRKCA linaloendana na kumbukumbu imara kwa vijana wa Uswisi liliendana na kiwewe zaidi kwa manusura 347. Kukumbuka vizuri kuna gharama yake.

Kuhusu dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, utafiti wa Vincent Mubangizi na wenzake wa 2020 uliwapima watu 400 wa miaka 60 na zaidi vijijini, na asilimia 20 walionyesha dalili. Kipimo chao ni kifupi, kisichodai kusoma wala kuandika, jambo la lazima penye wazee wengi wasiosoma. Wanajamii wengi, hata hivyo, huuhesabu usahaulifu huo kuwa uzee tu.

Pande hizi mbili zinakutana. Huko Marekani, Kristine Yaffe na wenzake walionyesha 2010 kwamba wanajeshi wastaafu wenye kiwewe walipata dimenshia karibu mara mbili ya wenzao. Mkimbizi aliyezeeka Nakivale ana ugumu mwingine. Ili kuutambua ugonjwa, daktari humwuliza ndugu jinsi mgonjwa alivyokuwa zamani. Mzee aliyevuka mpaka peke yake hana wa kumjibia.