Daftari la Wafu wa Mombasa: Kutoka Homa ya 1918 Hadi Korona

Homa kali ya mafua ilipoingia Mombasa mwezi wa Septemba 1918 kwa meli zilizotoka India, kisha ikasafiri kwa reli kuelekea bara, iliukuta mji wenye utaratibu kamili wa kuzika wafu wake lakini usiokuwa na utaratibu wa kuwahesabu. Katika mitaa ya Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, mtu aliyefariki alfajiri alikuwa ameoshwa, amevishwa sanda, amesaliwa na kubebwa ndani ya tusi, yaani kitanda cha kuchukulia maiti, na kulazwa kwenye mwanandani, ule uwazi unaochimbwa ubavuni mwa kaburi, kabla ya jua kutua. Majirani walilijua jina lake, ukoo wake na siku alizougua. Aliyekosekana ni mtu wa kuyaandika hayo katika daftari ambalo ofisi ya serikali ingeweza kulisoma.

Upungufu huo ulitokana na sheria yenyewe. Usajili wa vizazi na vifo katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 1904, na wakati huo uliwalazimu Wazungu na Wamarekani tu. Waasia waliongezwa baadaye, na ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 1928 ili msingi wa kuandika vifo vya watu wa rangi zote uwekwe, huku usajili wenyewe ukiwa haujaenea nchi nzima hadi mwaka 1971. Kwa hiyo maradhi yalipofika bandarini mwaka 1918, kifo cha karani wa Kizungu kilikuwa na safu yake katika kitabu, ilhali kifo cha mvuvi, cha hamali wa bandarini au cha mama wa Kiswahili aliyefia chumbani mwake hakikuwa na mahali rasmi pa kuandikwa. Serikali iliwahesabu wale iliokuwa ikiwalisha, kuwalipa au kuwafungia, yaani wafungwa wa Ngome ya Yesu, ambayo wakati huo ilikuwa gereza, askari wake, wafanyakazi wa reli na wagonjwa waliofika hospitalini.

Kutokana na kumbukumbu za aina hiyo, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2019 walijaribu kuupima msiba wa Mkoa wa Pwani kwa kulinganisha taarifa za kikoloni za kuanzia mwaka 1912 hadi 1925. Walichotazama hasa ni kiwango ghafi cha vifo, maana yake idadi ya waliokufa katika kila watu 1,000 bila kutenganisha umri wala ugonjwa, nao wakaona kwamba mwaka 1918 kiwango hicho kilipanda mara sita na idadi ya waliofika kwenye vituo vya tiba ikapanda mara tatu. Vifo vya homa hiyo walivikadiria kuwa 25.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Hii ni kazi ya kuheshimiwa, na hakuna kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli wa pwani. Hata hivyo, msomaji anapaswa kuelewa kwamba kiwango chochote cha vifo hupatikana kwa kugawa idadi ya waliokufa kwa idadi ya waliokuwapo, na katika Kenya ya wakati ule namba zote mbili zilikuwa dhaifu: wafu wengi hawakuandikwa, na walio hai walikisiwa kwa kutazama orodha za kodi ya nyumba na ya kichwa, kwa sababu sensa ya kwanza ya wakazi wote haikufanywa hadi mwaka 1948. Udhaifu huo haukuwa wa Mombasa peke yake. Makadirio ya waliokufa duniani kwa homa ile huanzia milioni 20 na kufika milioni 100, na pengo hilo la watu milioni 80 limetokana kwa sehemu kubwa na nchi ambazo wafu wake hawakuwa na daftari.

Wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi kilichobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, walipatwa na hali hiyohiyo, kwani walikufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na homa, na hadi leo idadi yao inabishaniwa. Sanamu ya askari iliyopo kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta mjini Mombasa inawakumbuka kwa jumla bila kutaja jina la hata mmoja wao.

Miaka mia moja baadaye daftari lilikuwapo, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 2020, na tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale, watu wasiingie wala wasitoke, hadi mwezi uliofuata. Idadi ya vifo iliyotangazwa kila siku ilikuwa ya watu waliothibitishwa kwa kipimo, na asiyepimwa, awe hai au maiti, hakuwamo. Wakazi wengi walisita kupimwa, na mwandishi wa historia hana haki ya kuwalaumu kwa ujinga: karantini iligharimu riziki, na jamaa waliogopa kwamba mzee wao angezikwa na wageni waliovaa mavazi ya kujikinga, bila kuoshwa inavyostahili na bila watu wake kumsindikiza.

Kifo cha nyumbani, kwa kawaida, huandikwa na naibu wa chifu katika fomu iitwayo D2, ambayo ni tofauti na D1 ya hospitali. Fomu hiyo huuliza jina, umri, mahali na chanzo cha kifo, na hapo kwenye chanzo ndipo hesabu inapopotea, kwa kuwa anayejibu si daktari bali ni mtoto au mjane wa marehemu, naye husema alichokiona: homa, kifua, presha, uzee. Majibu hayo si ya uongo. Hayatoshi tu kumtenga aliyeuawa na korona na aliyeuawa na homa ya mapafu ya siku zote.

Ushahidi wa damu ulionyesha jinsi hesabu rasmi ilivyokuwa mbali na mambo yalivyo. Watafiti walipochunguza damu iliyotolewa na wachangiaji kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, walikuta kingamwili, yaani alama za mwili kuwahi kupambana na virusi, kwa wastani wa asilimia 4.3 nchini, na Mombasa ikaongoza kwa asilimia 8.0. Katika kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019, kiwango hicho ni makumi ya maelfu ya walioambukizwa, wakati nchi nzima, hadi tarehe 31 Julai, ilikuwa imeorodhesha wagonjwa 20,636 na vifo 341.

Kutokana na tofauti hiyo pande mbili zilibishana, mmoja ukidai kwamba maiti walifichwa kwa maelfu na mwingine ukidai kwamba maradhi hayakuwa na makali yoyote. Njia ya kuwaamua ni kuhesabu vifo vya ziada, yaani kuchukua vifo vyote vya kipindi cha maradhi, vya sababu yoyote, na kutoa idadi ambayo ingetarajiwa kwa kufuata miaka ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilipofanya hivyo kwa mwaka 2020 na 2021 lilipata takriban vifo milioni 14.9 duniani, dhidi ya milioni 5.4 vilivyokuwa vimeripotiwa. Njia hii haimtaki marehemu awe amepimwa. Inataka tu kwamba kila kifo kiandikwe, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna maradhi yoyote ya kutisha.

Katika pwani ya Kenya hilo liliwezekana Kilifi, ambako tangu mwaka 2000 wahesabuji wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika wanaozaliwa, wanaohama na wanaofariki. Daftari lao lilionyesha kwamba, kati ya Aprili 2020 na Mei 2022, vifo vilizidi matarajio kwa asilimia 4.8, lakini kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea vilizidi kwa asilimia 11.6. Pande zote mbili za ubishi zilikuwa zimekosea, na waliolipa gharama walikuwa wazee. Hesabu hiyo ndiyo ya kuaminika kuliko zote zilizofanywa katika pwani hiyo, na mipaka ya eneo lake haifiki Kisiwa cha Mombasa.