Viwanja vikuu vya michezo mikubwa: tangu Christchurch mpaka Kambarage

Ikifika Olimpiki au Jumuiya ya Madola kila mtu anauliza nani kachukua medali. Wachache wanauliza kaichukulia kwenye uwanja gani. Leo tuongelee viwanja vyenyewe, hasa vile ambavyo Wabongo wenzetu waliacha jina.

Kwanza tuelewane. Michezo ya aina hii inakuwa na kumbi na viwanja kibao: ngumi kule, kuogelea huku, mpira mji mwingine kabisa. Lakini uwanja mkuu ni mmoja. Hapo ndipo timu zinapita na bendera siku ya ufunguzi, mwenge unawashwa hapo, na kwa kawaida riadha inapigwa hapo hapo. Njia ya kukimbilia ni mita 400 kwa mzunguko, mistari minane au tisa, kila mstari upana wa mita 1.22, juu imemwagwa tartani. Pembeni kunatakiwa kiwanja kingine cha kupashia misuli moto. Hicho cha pembeni ndicho nchi nyingi maskini zinakisahau.

Tuanze na Christchurch, New Zealand, maana pale ndipo dunia ilitujua. Uwanja wa Queen Elizabeth II Park ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974. Tarehe 2 Februari, fainali ya mita 1500, Filbert Bayi, kijana wa miaka 20, aliondoka mbele tangu mlio wa bastola. Wakati ule wakimbiaji wa mbio hizi walizoea kuviziana mpaka mzunguko wa mwisho. Jamaa hakuvizia mtu. John Walker wa pale pale New Zealand alimfukuza mpaka mstari na hakumpata. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia! Walker naye alishuka chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun iliyokaa tangu 1967, na bado akawa wa pili. Watatu alikuwa Mkenya, Ben Jipcho. Leo ukienda kuutafuta uwanja ule huupati: tetemeko la Februari 2011 liliuharibu vibaya, ukabomolewa.

Pambano la marudiano lilisubiriwa Montreal 1976. Halikuwepo. Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea Olimpiki ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu bila Bayi. Na uwanja mkuu wa Montreal wenyewe ni kituko cha aina yake, deni lake lilimalizika kulipwa 2006, miaka 30 baadaye! Wanaodhani kila anayeandaa Olimpiki anatoka na faida wasome habari za mji ule.

Miaka minane kabla ya Montreal, Mexico City 1968, John Stephen Akhwari aliingia Estadio Olímpico Universitario akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Watazamaji wengi walishaondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na wengine kibao hawakumaliza kabisa. Mji ule uko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba, si mchezo.

Medali zetu za Olimpiki mpaka kufikia Paris 2024 ni mbili tu, na zote zilipatikana Uwanja wa Lenin, Moscow, 1980: Bayi fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha kwenye mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter. Nyambui ni mtu wa Majita, kanda yetu hii hii ya Ziwa. Uwanja ule sasa unaitwa Luzhniki. Fainali ya Kombe la Dunia 2018 ilichezwa hapo, na njia ya riadha ilishaondolewa. Kwenye Madola tulivuna zaidi: Gidamis Shahanga alishinda marathoni Edmonton 1978 na mita 10,000 Brisbane 1982, halafu Samson Ramadhani akashinda marathoni Melbourne 2006. Uwanja mkuu wa Melbourne ni wa kriketi, njia ya kukimbilia iliwekwa kwa muda tu.

Halafu Tokyo. Uwanja wao wa taifa ulijengwa upya pale ulipokuwepo ule wa Olimpiki ya 1964, ukafanya Olimpiki ya 2021 bila watazamaji kwa sababu ya korona. Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, Alphonce Simbu wa Singida aliingia humo akibanana na Mjerumani Amanal Petros. Wote walipewa saa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu kwenye mashindano hayo!

Kwa Afrika Mashariki, nchi pekee iliyowahi kuandaa Michezo ya Afrika ni Kenya, 1987, na Kasarani ulijengwa kwa ajili hiyo kwa msaada wa Wachina. Miaka 38 baadaye, Agosti 2025, fainali ya CHAN ilichezwa hapo hapo. Sisi tuna Benjamin Mkapa, watu 60,000, ulianza kutumika 2007, una njia ya riadha na Uhuru uko jirani kabisa. Michezo ya Afrika hatujawahi kuandaa.

Sasa turudi nyumbani. Kambarage, Shinyanga, ni wa CCM, kama viwanja vingi vya mikoani vilivyobaki kwa chama baada ya vyama vingi kuanza 1992. Hapo ndipo Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, ilipocheza ligi kuu ikidhaminiwa na kampuni ya madini ya Acacia. Mwadui kuna uwanja wa mgodi wa almasi. Geita Gold ilimaliza ya nne msimu wake wa kwanza ligi kuu, 2021/22, George Mpole akawa mfungaji bora na mabao 17, na nyumbani kwao palikuwa uwanja wa shule ya wasichana Nyankumbu! Uwanja wa Magogo nao ulianza kujengwa kwa fedha za huduma kwa jamii za mgodi wa GGML.

Ila angalieni, hela zote hizo zinazungumzia mpira. Dogo wa UMISSETA anayekimbia mita 1500 amezoea vumbi na mistari ya chokaa, mvua ikinyesha mstari haupo. Siku akichaguliwa kwenda taifa anavaa viatu vya misumari na kukanyaga tartani kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo ya mashindano, na mwenzake wa kituo cha mafunzo amezoea miaka mitatu. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya 2026 ilipewa Dakar, ya kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika.