Karamu ya Hiana

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni huja na heri, na apokewaye kwa chakula amekwisha kuwekwa katika amani ya nyumba. Desturi hii si mali ya kabila moja wala ya bara moja. Kwa sababu hiyo, ni vigumu kupata hiana ichukizayo kupita ile ya mwenyeji amuuaye mgeni wake karamuni, au ya mgeni amuuaye mwenyeji aliyempa malazi. Nataka, ewe msomaji, utazame jinsi hiana ya namna hiyo ilivyowaliza watazamaji wa televisheni, kisha tuifuate nyuma mpaka kwenye chimbuko lake.

Tarehe 2 Juni 2013 shirika la HBO la Marekani lilionyesha sehemu moja ya Game of Thrones, tamthilia ya falme za kubuni, majoka, na wafu watembeao. Mfalme kijana, Robb Stark, alikuwa amemwahidi mzee Walder Frey kwamba angemwoa binti yake, kisha akaivunja ahadi na kuoa mwanamke mwingine. Akaja kutafuta suluhu. Alipewa mkate na chumvi, ishara ya kwamba mgeni hatadhurika, akaketi katika arusi ya mjomba wake. Ghafula milango ikafungwa, wapiga muziki wakageuza wimbo, na mama yake mfalme akaona deraya chini ya nguo ya mtu aliyeketi karibu naye. Punde si punde mfalme, mkewe mjamzito, mama yake, na wafuasi wao wengi walikuwa wameuawa.

Watazamaji walipigwa na bumbuazi. Wengi walikuwa wamezoea hadithi ambazo shujaa huponea chupuchupu. Walimngoja mwokozi, na mwokozi hakuja. Wako waliopiga mayowe, waliofunika nyuso, waliolia machozi ya kweli, na walioapa kwamba hawataitazama tena tamthilia hiyo. Lakini walikuwako pia watazamaji wa namna nyingine. Kitabu kilichokuwa asili ya kisa hicho, kazi ya George R. R. Martin, kilikuwa kimechapishwa tangu mwaka 2000. Waliokwisha kukisoma walijua lijalo. Baadhi yao walikaa kimya kando ya jamaa na rafiki zao, wakawapiga picha za sinema wakati mshtuko ulipowafikia. Martin mwenyewe alieleza kwamba sura hiyo ilimtia uchungu hata akairuka, akaiandika mwisho baada ya kumaliza kitabu kizima.

Je, aliitoa wapi fikira hiyo? Aliitoa katika historia ya Uskoti, naye mwenyewe alitaja visa viwili. Kisa cha kwanza ni cha mwaka 1440. Kabaila kijana William Douglas, ambaye umri wake ulikuwa kama miaka 16, alialikwa pamoja na ndugu yake mdogo katika ngome ya Edinburgh, wale chakula na Mfalme James wa Pili, mtoto wa miaka 10. Ukoo wa Douglas ulikuwa na nguvu nyingi, na wakuu waliotawala kwa jina la mtoto yule waliuogopa. Masimulizi yasema kwamba kichwa cha fahali mweusi kiliwekwa mezani, ishara ya mauti. Vijana hao wawili walikamatwa, wakashtakiwa kwa uhaini, wakakatwa vichwa.

Kisa cha pili kilitokea katika bonde la Glencoe mwaka 1692. Mkuu wa ukoo wa MacDonald wa Glencoe alichelewa siku chache kula kiapo cha utii kwa Mfalme William. Serikali ikapeleka askari, nao wakapokewa nyumbani mwa watu wa bonde, wakala na kulala humo karibu majuma mawili. Alfajiri ya tarehe 13 Februari, kwa amri waliyopewa, waliwageukia wenyeji wao. Watu kama 38 waliuawa, na wengine walikimbilia milimani wakafa kwa theluji na baridi. Mwaka 1695 uchunguzi ulitamka kwamba tendo lile lilikuwa uuaji. Hata hivyo hakuna aliyeadhibiwa.

Linganisha sasa kilio cha mwaka 2013 na malalamiko ya mwaka 2019, tamthilia hiyo ilipokwisha. Watu zaidi ya milioni moja walitia majina yao katika ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya. Katika mwaka 2013 mauti yaliumiza, lakini kila mtu aliweza kurudi nyuma na kuona sababu zake: ahadi iliyovunjwa, kiburi kilichojeruhiwa, tamaa ya madaraka. Katika mwaka 2019 wengi waliona kwamba mambo makubwa yamegeuka pasipo kuandaliwa. Binadamu aweza kuvumilia tukio chungu lenye sababu. Lisilo na sababu humkasirisha. Mwanafunzi wa historia naye hukariri miaka bure asipouliza chanzo cha mambo.

Lakini liko fundisho kubwa zaidi. Wewe usomapo habari za Glencoe u kama yule aliyekwisha kukisoma kitabu: wajua mwisho kabla ya mwanzo. Wenyeji wa Glencoe hawakuujua. Usiku ule waliwapisha askari penye joto la moto, wakalala. Watazamaji waliwalilia watu ambao hawakuzaliwa kamwe, na hapana aibu katika machozi yale. Basi usipite haraka juu ya tarakimu 38 katika ukurasa wa kitabu chako. Kila mmoja katika hesabu hiyo alikuwa na jina, na asubuhi ile alitazamia kuamka.