Nchi Jirani: Santuri za Kongo na Mikataba ya Wapigaji

Askari anayekabidhiwa bunduki hutia sahihi bohari, naye hufahamu fika kwamba silaha hiyo si mali yake. Katika mji wa Leopoldville, ambao tangu 1966 huitwa Kinshasa, mwanamuziki alikabidhiwa gitaa kwa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hata wimbo alioutunga ulibaki bohari.

Wenye bohari walikuwa wafanyabiashara wa Kigiriki. Nico Jeronimidis alianzisha kampuni ya Ngoma mwaka 1948, na Basile Papadimitriou akaanzisha Loningisa mwaka 1950. Haifai kuwaita wote wanyang'anyi, kwani ndio waliotoa mtaji na kujenga studio wakati hakuna mwingine aliyethubutu. Lakini mwaka 1953 Loningisa ilimfunga Franco Luambo kwa mkataba wa miaka 10, naye alikuwa kijana wa miaka 15, mtoto wa mjane aliyejifunza gitaa karibu na meza ya mama yake sokoni. Kijana wa namna hiyo angebishania kifungu gani? Mpigaji alilipwa ujira wa kurekodi, na santuri ikipendwa namna gani, faida ilikuwa ya mwenye kampuni.

Mabadiliko yalikuja pamoja na uhuru. Mapema mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara, Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikuwa huko wakiwatumbuiza. Kabasele hakurudi na sifa tupu. Alipatana na kampuni ya Fonior ya Ubelgiji, akaanzisha chapa yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Sasa Mwafrika ndiye aliyemiliki kanda asili, na Mbelgiji ndiye aliyechapa sahani. Franco naye alirekodi chini ya chapa hiyo, kisha akaanzisha za kwake.

Hata hivyo, mkataba wa haki haukuzaliwa kwa sababu tu tajiri amebadilika. Mwaka 1963 Nico Kasanda na Tabu Ley Rochereau walimwacha Kabasele, wakilalamikia mgawo wa fedha, wakaunda African Fiesta. Mwaka 1968 Franco akiwa safarini Ulaya, mpuliza saksafoni wake Verckys Kiamuangana alirekodi nyimbo kwa faida yake mwenyewe. Franco alikasirika mno, ingawa katika bendi yake manung'uniko ya malipo hayakuwa jambo geni. Verckys aliondoka mwaka 1969, akaanzisha bendi na kampuni ya Vévé. Katika miaka ya 1970 vijana wa Bella Bella na Lipua Lipua walipobisha hodi kwake, waliingia studio ya Mwafrika mwenzao, wakapewa ala za kupigia. Ala hizo zilikuwa mali ya Verckys.