Umeitwa Kozi Gani?

Siku nafasi za vyuo zilipotangazwa, mathe alikuwa ashawaambia wanawake wa chama kwamba nimeitwa chuo. Kozi hakuijua bado. Mimi nilikuwa saiba pale steji, nikisoma skrini mara ya tatu: Shahada ya Sayansi ya Udongo. Chaguo langu la kwanza lilikuwa sheria. Udongo niliuweka wa mwisho kwa sababu jamaa wa saiba aliniambia, "Jaza tu hiyo, huko hakuna msongamano."

Nilikaa chuoni miaka miwili na nusu, nikatoka. Kwa muda mrefu niliamini kosa lilikuwa langu tu, kwamba singejaza ule mstari wa mwisho ningekuwa mtu mwingine. Kisha nikaanza kusoma jinsi Wakenya walivyokuwa wakiingia chuo kikuu tangu zamani, nikagundua kwamba jamaa wa saiba hakuwa anabahatisha. Alikuwa anasema kanuni ya zamani kuliko mamangu.

Kanuni yenyewe ni hii: Kenya huitwi chuo. Unaitwa kozi. Gredi ile ile inaweza kukufungulia mlango mmoja na kukufungia wa pili, kulingana na jina uliloandika kwenye fomu. Na nyuma ya kila jina kuna mtu ambaye tayari ameshahesabu viti.

Wakati wa ukoloni hesabu hiyo ilikuwa ya kisiasa waziwazi. Mwalimu alitakiwa, karani alitakiwa, daktari msaidizi pia. Wakili Mwafrika hakutakiwa. Argwings-Kodhek alipata ufadhili wa kwenda kusoma sayansi ya jamii huko Cardiff miaka ya 1940, na alipofika akageukia sheria. Akarudi nyumbani akiwa wakili, na akawatetea watu walioshtakiwa kwa mambo ya Mau Mau. Leo tungesema alihama kozi. Wakati ule, kuhama kozi kulikuwa kama kuvuka mpaka bila pasi.

Halafu mipaka ikawa ya kweli. Mwaka 1963 ulianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kozi za gharama kubwa ziligawanywa ili nchi zisirudie kazi moja mara tatu. Udaktari ulikuwa Makerere. Uhandisi na udaktari wa mifugo ulikuwa Nairobi. Sheria ilikuwa Dar. Kwa hivyo kijana wa Kenya alipoandika kozi alikuwa pia anaandika nchi atakayolala. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria Dar es Salaam. Nairobi ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1967, na mwaka 1970 muungano ule ukavunjika, kila nchi ikabaki na chuo chake na msongamano wake.

Msongamano ukaja kweli. Chuo cha Moi kilianzishwa 1984, Kenyatta kikawa chuo kikuu kamili 1985, Egerton 1987, lakini shule za upili zilikuwa zinamwaga watahiniwa haraka zaidi. Mwaka 1989 wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walifanya KCSE. Kwenye karatasi, C+ ilikuwa inatosha kuingia chuo kikuu. Kwa kweli, JAB, ile bodi ya pamoja ya vyuo vya umma, ilihesabu vitanda kwanza. Vitanda vikiisha, laini inapigwa hapo, na wewe wa C+ ulikuwa nje hata kama kanuni inakutambua. Na kuwa ndani ya laini hakukumaanisha utasoma unachotaka. Hapo ndipo klasta iliingia.

Klasta ni hesabu ambayo wengi wetu tuliisikia fom foo, na wachache tuliielewa. Kwa fomula iliyozoeleka, wanachukua masomo manne ambayo kozi inayataka, yenye alama 48 kwa jumla, wanayalinganisha na masomo yako saba, yenye alama 84. Tuseme wewe na deskmate wako nyote mna 70 kwa 84, yaani B+ safi. Wewe una 44 katika yale manne, yeye ana 36. Wewe unatoka na klasta ya karibu 42, yeye karibu 38. Gredi moja, shule moja, hata dawati moja. Lakini kwa kozi inayogombaniwa, alama nne ni shimo la kumeza watu mamia. Badilisha kozi, masomo manne yanabadilika, na pengine yeye ndiye anakupita.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa pembeni: Moduli ya Pili, masomo ya kujilipia. Sasa aliyekosa klasta ya sheria au udaktari angeweza kuingia darasa lile lile, mradi wazazi wana pesa. Wengine waliuza shamba. Vyuo vilipata hela, na sisi tukafunzwa kwamba ndoto ina bei mbili, ya alama na ya noti.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliondoa JAB na kuleta KUCCPS. Kisha ikaja KCSE ya 2016, wakati Fred Matiang'i alikuwa waziri. A zilikuwa 141 nchi nzima, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929. Ghafla nafasi zilitosha wote waliofika C+, na ule mlango wa kujilipia ukaanza kukauka. Watu walisherehekea kwamba kila aliyefaulu ameitwa. Ni kweli, aliitwa. Lakini nafasi kuwa nyingi hakukuongeza viti vya sheria kwa kiasi hicho. Waliobaki tulielekezwa kwenye viti vitupu, na mimi ni mmoja wa waliokaa hapo.

Sidharau udongo. Kuna mwenzangu wa darasa lile ambaye aliupenda, na leo anapima mashamba ya watu na kuwaeleza kwa nini mahindi yanageuka manjano. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliujaza wa kwanza.

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa gredi ya tisa, kundi la kwanza kuingia shule ya juu Januari 2026. Akaleta nyumbani fomu ya njia tatu: sayansi na hisabati, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Ana miaka kumi na tano. Uamuzi uliotuchanganya tukiwa kumi na nane umeshuka miaka mitatu.

Mathe aliniambia nimsaidie kujaza. Nilitaka kumwambia pale pasipo na msongamano. Maneno yalikuwa yashafika mdomoni. Nikayameza, nikamuuliza anapenda nini. Alifikiri kitambo, akasema hajui bado.

Tukaiacha fomu mezani mpaka kesho yake.